Neno «Kunakili»

Neno kunakili, ambalo asili yake katika Kiarabu ni kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali, ndilo linalowaponza wengi waazimiapo kuiwekea kompyuta Windows upya kwa flashi. Kwani hulinakili faili la ISO lenye Windows kama wanakilivyo picha za arusi, kisha kompyuta, ikiwashwa, huipita flashi hiyo kana kwamba haipo. Wala hawana lawama. Faili hilo halina budi kufumuliwa na kuandikwa kwenye flashi, kwa kawaida kwa programu maalumu, mathalan Rufus. Tena flashi iliyoumbizwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja lifikalo GB 4, na faili la install.wim la siku hizi, lililomo ndani ya ISO hiyo, aghalabu huzidi kadiri hiyo. Enyi waandishi wa miongozo, tafadhalini andikeni «kuandaa flashi» badala ya «kunakili».