Wakala wa Bima ya Afya wa Salama, Kabla na Baada ya SHA

Mji wa Salama, kaunti ya Makueni, umekulia kando ya barabara ya Mombasa, na riziki ya wengi hapo ni biashara ndogo inayotegemea malori na wasafiri. Hawa hawana mwajiri wa kuwakata mshahara, na ndio hasa aliowalenga wakala wa bima ya afya. Hoja yangu ni kwamba kazi ya wakala huyo haijawahi kusimama kwa ufasaha wake peke yake. Imepanuka na kusinyaa kwa kadiri ya gharama ambazo serikali ilimwachia mgonjwa. Mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, NHIF, ulipoanzishwa mwaka 1966, waliolazimika kuchangia ni wafanyakazi waliolipwa shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi. Mwenye duka alifunguliwa mlango mwaka 1972, kwa hiari, lakini matibabu ya nje katika vituo vya umma yalikuwa bure tangu 1965, basi akimbilie bima ya nini? Desemba 1989 serikali ilianza kutoza ada, ikazisitisha mwaka uliofuata, kisha ikazirudisha kwa awamu. Tangu hapo kulazwa kulimaanisha kuuza mbuzi au kuitisha mchango, na anayeuza bima akapata la kumwambia mtu.

Ukambani, eneo la Makueni na Kitui, ndiko lilikosonga mbele mapema jaribio la kuziba pengo hilo la gharama. Charity Ngilu wa Kitui, akiwa Waziri wa Afya, alipitisha bungeni mwaka 2004 mswada wa bima ya jamii kwa Wakenya wote. Rais Kibaki hakuutia sahihi. Ugatuzi ulipokuja, Makueni chini ya Gavana Kivutha Kibwana ilianza na wazee waliopita miaka 65, na mwaka 2016 ikaanzisha MakueniCare: shilingi 500 kwa mwaka, familia nzima ilitibiwa katika hospitali za kaunti. Kitui, Ngilu akiwa gavana, ilifuata na mpango wake wa shilingi 1,000. Ili kuona tofauti, inafaa kuitazama kwa makini fomu ya bima ya kibinafsi. Inauliza umri, inauliza kama una shinikizo la damu au kisukari, inaweka miezi ya kungoja kabla ya gharama za uzazi kulipwa. Mama mzee mwenye shinikizo la damu, ambaye ndiye anayewanyima usingizi wanawe, mara nyingi hukataliwa au hupangiwa bei wasiyoimudu. Kaunti ilianza na huyo huyo ambaye fomu ilimtema. Kwangu hilo lilikuwa jambo la haki, hata kama lilipunguza kamisheni za mawakala wanaohangaika kulisha familia zao.

Wapo watakaosema MakueniCare haikuwa bima, kwa kuwa shilingi 500 hazilipii matibabu na mzigo ulibebwa na bajeti ya kaunti. Ni kweli. Ila muuza nyama wa Salama hakuwa akipima nadharia; alitaka kujua nani atalipa akilazwa katika hospitali ya kaunti mjini Wote. Wengine watasema dawa zikikosekana hospitalini, mteja hurudi kwa wakala. Hurudi mwenye uwezo. Asiye nao hununua dawa dukani kwa pesa taslimu na hakati bima yoyote.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, iliyoleta Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024, inambana wakala pande zote mbili. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 bila kikomo cha juu, kwa hiyo aliyekuwa akijiongezea bima ya kibinafsi anabaki na kidogo cha kuilipia. Asiye na mshahara hukadiriwa kipato na kutozwa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na sheria inamtaka alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, jambo gumu kwa biashara inayohesabu mauzo ya siku. Kampuni kubwa za bima zitabaki na waajiri wa mijini na wanaotaka hospitali za kibinafsi. Wakala wa Salama mwenye cheti chake cha bima hana wateja hao. Tena kazi aliyoimudu kuliko yeyote, ya kwenda nyumba kwa nyumba akieleza na kuandikisha watu, sasa wanapewa wahamasishaji wa afya ya jamii, wale wapatao 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023, na wao hulipwa posho, si kamisheni.