Udongo Unakwenda Wapi? Habari za Bamba la Kusafishia Njia

Mwandishi wa kikundi na awe na kalamu na karatasi tayari, maana mwisho wa somo nitauliza maswali.

Leo nitaanza na habari ya safari yangu mwenyewe. Mwaka mmoja, wakati wa mvua, nilisafiri kwa lori kusini ya Tabora kupeleka vitabu vya madarasa ya watu wazima. Tulipofika mahali barabara ya udongo inapoteremka kwenda mbugani, lori lilizama mpaka ekseli. Barabara ilikuwa chini kuliko mashamba ya pande zote mbili, na maji yalipita katikati yake kama mto. Tukalala pale pale. Usiku wakapita vijana wanne wamebeba kitanda, na juu ya kitanda alilala mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Walikuwa wakienda zahanati kwa miguu, maji yakiwafika magotini, kwa sababu hapakuwa na gari lililoweza kuwafikia nyumbani kwao. Mungu alisaidia, mama alifika na mtoto akazaliwa salama. Lakini si kila mama hufika.

Asubuhi mzee mmoja alikuja kututazama tukichimba. Nikamwamkia, kisha nikasema, "Mzee, barabara hii imesahauliwa." Akanijibu, "La, mwanangu. Haikusahauliwa. Greda hupita hapa kila mwaka, na kila mwaka barabara inazidi kushuka. Badala ya kuuliza greda imekuja lini, uliza udongo umekwenda wapi."

Neno la mzee yule ndilo somo letu la leo. Tutatazama historia ya kusafisha njia katika nchi yetu ya Tabora, na historia ya chombo kinachofanya kazi hiyo, yaani bamba la chuma linalosukumwa na gari.

Kwanza tukumbuke njia ya zamani. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe penye Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Wapagazi walipita mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na mzigo wake wa pembe, nguo au shanga, na mara nyingi mzigo ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mwingereza Richard Burton aliondoka pwani mwezi wa Juni 1857 akafika Kazeh, ndipo Tabora, tarehe 7 Novemba mwaka ule ule.

Njia hiyo yote haikuwa pana kuliko nyayo za mtu. Nani aliisafisha? Miguu ya wapagazi wenyewe ndiyo iliyoisafisha. Mti ukianguka, hakuna aliyesimama kuukata. Mtu wa kwanza aliuzunguka, wa pili akamfuata, na baada ya siku chache njia ilikuwa imepinda. Mti ukaoza, lakini pindo likabaki. Penye njia panda kiongozi wa msafara aliweka tawi au alichora mstari chini, ili walio nyuma wajue kwamba njia ile si yao. Hayo yalitosha, maana mtu hupita mahali pengi ambapo gurudumu halipiti. Kilichofunga njia katika siku zile kilikuwa vita, au ugomvi juu ya hongo. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora, njia ya Ujiji ilifungwa, na Henry Stanley alilazimika kuzunguka kwa kusini.

Shida ya kusafisha njia ililetwa na gurudumu. Mwaka 1877 mmisionari Alexander Mackay alikata njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, kilometa 370 hivi, akiwa na vibarua wenye mashoka na majembe. Kazi ilikuwa kubwa, lakini ng'ombe walikufa kwa kuumwa na mbung'o. Na njia isiyopitwa hurudi kuwa pori. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, misafara mirefu ya wapagazi ikakoma. Motokaa zilipoanza kuongezeka wakati wa Waingereza, ilibidi njia za kwenda stesheni zipanuliwe. Kazi hiyo ilifanywa kwa jembe, karai na mgongo wa mtu, na kati ya waliofanya walikuwamo watu walioshindwa kulipa kodi kwa fedha, wakailipa kwa jasho.

Sasa tuuache mkoa wetu kidogo, twende kutafuta asili ya bamba. Tutakwenda mbali, kwenye nchi za baridi, kwa sababu huko watu walilazimika kusafisha barabara zao upya baada ya kila dhoruba.

Ninyi mliofika Moshi mmeiona theluji kwa mbali, nyeupe juu ya Kilimanjaro. Katika nchi za kaskazini theluji huanguka mpaka mabondeni, mitaani na mashambani. Usiku mmoja unaweza kutosha kuifunika njia kimo cha goti, na asubuhi daktari hawezi kumfikia mgonjwa. Kwa hiyo shida yao na shida ya mama yule wa kitandani ni ndugu.

Mwaka 1862 katika mji wa Milwaukee, Marekani, plau ya theluji ilifungwa kwenye mkokoteni wa farasi, nayo ikasafisha mitaa. Motokaa zilipokuja, watu walijaribu kufunga bamba mbele ya gari lenyewe. Mwaka 1923 ndugu wawili wa Norwe, Hans na Even Øveraasen, walitengeneza plau ya theluji ya kufungwa kwenye motokaa.

Chukueni daftari mkaangalie jinsi bamba hilo linavyoundwa. Litazameni katika mambo manne.

La kwanza ni mshazari. Ukisukuma ubao uliosimama moja kwa moja mbele yako, rundo hukua mbele ya ubao mpaka gari linashindwa. Ukiulaza ubao kwa mshazari, upande mmoja mbele na mwingine nyuma, theluji huteleza juu ya uso wake na kumwagika kando. Gari huendelea bila kulibeba rundo.

La pili ni mpindo. Bamba halikunyooka kama mlango. Limepinda kama kipande cha pipa. Theluji inayopanda juu yake hujiviringisha na kuanguka mbele na kando, wala haipandi mpaka kumfunika dereva.

La tatu ni viatu. Chini ya bamba huwekwa vipande vya chuma vinavyoteleza juu ya barabara, ili makali yasiikwaruze barabara yenyewe. Anayesafisha hutaka kuondoa theluji, hataki kuondoa barabara.

La nne ni springi. Makali yakigonga jiwe lililofichika, bamba hulala nyuma kidogo, hupita, kisha husimama tena. Bila springi, gari lingevunjika au dereva angeumia.

Lakini werevu huo wote haukumaliza taabu. Theluji iliyotoka katikati ya njia iliangukia kando, ikawa ukuta mbele ya milango ya maduka na kwenye vichochoro. Wenye maduka wakanung'unika: njia kubwa imefunguka, nyumba zimefungwa. Watu wa miji wakajifunza kwamba kusukuma ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua kinachosukumwa kitawekwa wapi, na mara nyingine ilibidi kukichukua kwa magari na kukitupa mbali.

Bamba la theluji lina jamaa wawili ambao ninyi mnawajua vizuri. Wa kwanza ni greda. Mwaka 1885 Mmarekani J. D. Adams alitengeneza greda ya kukokotwa na wanyama, yenye magurudumu yanayoweza kulala upande. Kwa nini yalale? Kwa sababu bamba la mshazari linaposukuma udongo kushoto, udongo nao huisukuma mashine kulia, na gurudumu lililolala hujitegemeza kama mtu anayevuta kamba. Karibu na mwaka 1920 greda zenye injini zilianza kutumika. Angalieni pia kwamba bamba la greda haliko mbele kama la theluji. Liko katikati, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma yaliyo mbali mbali. Gurudumu la mbele likipanda kifundo, bamba hupanda kidogo tu, na hivyo barabara hunyooka.

Jamaa wa pili ni tingatinga, au buldoza. Mwaka 1923 huko Kansas, Marekani, James Cummings na Earl McLeod walifunga bamba mbele ya trekta ili kusukuma udongo. Chombo hiki kina nguvu kuliko ndugu zake, na nguvu zake zilifika kwetu kwa kishindo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikosa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 serikali yake ilikubali mpango wa kulima karanga, nyingi zikiwa Tanganyika, katika eka 3,210,000. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, na sehemu nyingine zilikuwa Nachingwea na Urambo, palepale palipokuwa makao ya Mirambo. Matingatinga yaliletwa, na hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Bamba likaangusha miti na kuisukuma katika safu ndefu. Kwa macho, pori lilikuwa limeondoka.

Lakini mizizi ilibaki chini, ikavunja majembe ya trekta. Huko Kongwa udongo ulikuwa mkali kama msasa, ukala vyuma, na wakati wa kiangazi uligeuka mgumu kama tofali. Mvua nayo haikutosha karanga. Mitambo mingi ilikuwa mikuukuu, mafundi na vipuri havikutosha. Mwezi wa Januari 1951 mpango ulifutwa, na hasara yake ilikuwa kama pauni milioni 36. Urambo wakulima walipata baadaye zao la tumbaku, lakini karanga zile za maelfu ya eka hazikuonekana. Bamba halikuwa na kosa, maana lilifanya kazi liliyoagizwa. Kosa lilikuwa la watu walioamini kwamba nguvu ya kusukuma inatosha, wasiulize kwanza udongo huu ni wa namna gani na mvua ya hapa ni kiasi gani.

Sasa turudi kwenye barabara ya mzee wetu. Udongo ulikwenda wapi? Kila mwaka dereva alishusha bamba, akakwangua juu, akamwaga udongo kando. Kando kukawa tuta, kama ule ukuta wa theluji mbele ya maduka. Lakini theluji huyeyuka, tuta la udongo haliyeyuki. Mwaka wa pili dereva alikwangua tena, na tuta likakua. Baada ya miaka kadhaa barabara ilikuwa mfereji, na maji ya mvua yalizuiwa na matuta yasitoke. Mbugani, kwenye udongo mweusi unaonata, hapo gari halina njia tena.

Greda iliyotumiwa vizuri hufanya kinyume. Huanza kando, huurudisha udongo katikati, na kuiacha barabara na mgongo kama wa samaki. Katika barabara ya udongo inafaa kila mita moja kuelekea kando ishuke sentimeta 5 hivi. Kisha hukatwa mitaro ya pembeni inayoyachukua maji mbali na barabara. Kazi hii ni bora ifanywe udongo ukiwa na unyevu kidogo, maana udongo mkavu hutawanyika kuwa vumbi na hausindiliki.

Nanyi mna sehemu yenu. Siku hizi barabara kuu na za mikoa ni kazi ya TANROADS, na tangu mwaka 2017 za vijijini na mijini ni za TARURA. Lakini mtaro ulioziba mbele ya shamba lako unaweza kuuzibua kwa jembe kabla ya mvua za Novemba. Usilime mpaka ndani ya mtaro, wala usiuzibe ili upate njia ya baiskeli. Weka daraja la magogo. Na greda ikija kijijini, wazee na wamwendee msimamizi kwa adabu, wamwonyeshe maji hupita wapi. Yeye anaijua mashine, lakini wenyeji ndio wanaoyajua maji.

Ndugu wasikilizaji, tufupishe. Mpagazi aliuzunguka mti, na njia ikapinda. Watu wa theluji walifungua njia wakafunga milango. Wa karanga waliondoa pori wakaacha mizizi. Na sisi tumekwangua barabara mpaka ikawa mto. Katika mambo yote manne swali ni lile la mzee: kinachoondolewa kinakwenda wapi?

Sasa maswali ya kikundi. Moja: kwa nini bamba la kusafishia njia hulazwa kwa mshazari? Mbili: barabara ya kijiji chenu iko juu au chini kuliko mashamba ya kando yake? Nendeni mkaipime kwa fimbo na kamba, msibuni. Tatu: mitaro mingapi imeziba kati ya kijiji na zahanati, na nani ataizibua kabla ya mvua?

Andikeni majibu yenu, mkayasome mbele ya kikundi wiki ijayo. Mpaka hapo tutakaposikilizana tena, kwaherini.