Nta ya gari ilitoka wapi

Jumamosi iliyopita nilipeleka gari kuoshwa pale ninapolipeleka siku zote, chini ya mwarobaini. Kijana alipokwisha kulisuuza, kabla hata ya kulikausha, alichukua chupa ya plastiki akapuliza boneti huku maji yangali yakitiririka, akafuta kwa kitambaa, akakigeuza upande mkavu, akafuta tena. Gari likang'aa kama limeshushwa melini jana. Nikamwuliza, ni dawa gani hiyo? "Nta, mzee." Nta ya nini? Akacheka tu. Kisha akaomba nyongeza kidogo, maana chupa ile ameinunua kwa fedha yake, na jirani yangu kwenye foleni akamkatalia katakata: hiyo ni anasa, bwana.

Ni anasa kweli? Hebu turudi nyuma kidogo.

Kabla ya nta palikuwa na vanishi. Katika karne ya 19 matajiri wa Ulaya na Marekani walitembelea magari ya farasi, nayo yalipakwa vanishi tabaka juu ya tabaka, kazi ya wiki nyingi. Vanishi iliyosifiwa mno kwa ugumu wake ilipikwa kwa sandarusi, yaani utomvu wa miti ya kale uliozikwa ardhini hata ukawa kama kioo. Na sandarusi hiyo bora ilitoka wapi? Hapa kwetu, Mrima, mkabala na Unguja. Watu waliichimba kwa jembe katika mashimo mafupi ya mchanga. Ile changa, isiyokomaa ardhini, iliitwa chakazi. Waingereza, ulimi ukiwateleza, wakalitamka jina hilo kama neno lao la punda dume, na likaingia hivyo katika vitabu vyao vya biashara. Wafanyabiashara wa Salem, ambao nchi yao ya Marekani ilifunga mkataba na Seyyid Said mwaka 1833, waliipakia pamoja na pembe za ndovu, wakaisafisha kwao na kuiuza kwa wapika vanishi. Majina ya wenye meli yamehifadhiwa vizuri. Ya wenye majembe hayajulikani.

Motokaa za mwanzo ziliundwa na mafundi wale wale wa magari ya farasi, wakazipaka vanishi kwa desturi ile ile, ingawa wakati huo sandarusi yetu ilikwisha kupata wapinzani kutoka Kongo na New Zealand. Lakini jua, matope na vumbi viliishinda vanishi upesi. Ndipo nta ikaingia. Frank Meguiar wa Indiana alianza mwaka 1901 kutengeneza dawa ya kung'arisha fanicha; baadaye jina lake likawa la magari. Mwaka 1923 ikatokea rangi mpya ya Duco, iliyokauka kwa saa badala ya wiki. Ilikuwa nafuu kubwa kiwandani, lakini nayo ilififia juani, na mwenye gari akalazimika kuisugua na kuipaka nta mara kwa mara. Basi nta ilikuwa ngao ya rangi dhaifu kabla ya kuwa pambo.

Mwaka 1941 huko Chicago, Ben Hirsch alichanganya nta yake ya maji katika bafu la nyumbani. Inasimuliwa kwamba alikuwa akienda penye magari yaliyoegeshwa, anang'arisha kipande kimoja tu, kisha anamsubiri mwenyewe arudi alione. Kampuni yake ndiyo iliyokuja kuwa Turtle Wax. Mwaka huo huo wa 1941 wataalamu wa serikali ya Marekani, Goodhue na Sullivan, walibuni kopo la kupuliza dawa ya mbu kwa ajili ya askari. Vita vilipokwisha, kopo likaingia majumbani. Mwaka 1958 ilitoka Pledge, nta ya fanicha ya kupuliza, na za magari zikafuata. Gesi ya makopo hayo iligunduliwa kuwa inakula tabaka la ozoni, na Marekani ikaipiga marufuku katika makopo mengi mwaka 1978. Chupa ya kijana wangu haina gesi: ni nta na silikoni zilizovurugwa katika maji, ndiyo maana hupulizwa gari likiwa bichi, maji yaisambaze sawasawa.

Nta iliyo bora humo ni ya mkarnauba, mti wa porini wa jamii ya minazi wa kaskazini mashariki ya Brazil. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 63 hivi. Hii huvuka 80, kwa hiyo haitishwi na bodi nyeusi iliyolala juani. Majani hukatwa kwa mundu ulio kwenye mti mrefu, yakaanikwa, yakapigwa hadi unga wa nta udondoke. Ni kazi ya kiangazi, ya jua na vumbi, na katika miaka ya 2010 wakaguzi wa kazi wa Brazil waliwakuta baadhi ya wakataji wakiishi katika hali waliyoiita ya kitumwa.

Mimi nyongeza niliitoa. Jumamosi nitampelekea kijana jibu la swali langu, na nitamwomba asogeze gari kivulini, kwa maana mlango wa kushoto aliupuliza ulipokwisha kukauka juani, na michirizi ingalipo hadi leo.