Kabla sijanunua ile kamera ya zumu ndefu, nimeangalia historia kwanza

Wasee wangu, niko na shilingi 104,000 kwa akaunti. Nimezikusanya miezi kumi na minne: harusi mbili za Molo, matangazo ya duka la viatu hapa mjini, na zile video za Menengai mlizozisambaza mpaka zikalipa. Hizo pesa zinatosha kununua kamera ya mkono wa pili yenye zumu ndefu, ile inayovuta mwezi mpaka unaona mashimo yake. Kwa bahati mbaya zinakaribia pia deni la karo nililoacha chuoni nikitoka mwaka wa pili. Mathee anajua hesabu zote mbili. Swali lake ni moja tu: "Na hiyo kamera itatulisha nini?"

Kabla sijamjibu nimefanya kitu ambacho chuoni sikuwahi kukifanya kwa hiari yangu. Nimesoma historia. Nilitaka kujua waliotutangulia walipigaje picha za wanyama na ndege wa Bonde la Ufa, na umbali waliutatua vipi. Maana ukiondoa mbwembwe zote, zumu ni jibu la swali moja: mnyama yuko kule, wewe uko hapa, sasa?

Lenzi ya kuvuta mbali si kitu cha juzi. Ilizuka karibu mwaka 1891, Thomas Dallmeyer akiwa London na Adolf Miethe Ujerumani, kila mtu na yake na karibu wakati mmoja. Miaka michache baadaye Mjerumani mmoja, Carl Georg Schillings, alizileta lenzi kama hizo upande wetu huu wa dunia. Alizunguka Afrika Mashariki ya Kijerumani, sehemu za Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai, akipiga simba na pundamilia usiku kwa mwanga wa unga unaolipuka. Kitabu chake kilitoka 1905 na Ulaya ikashangaa. Lakini jamaa hakubeba begi mgongoni kama mimi. Picha zilikuwa zinanaswa kwenye sahani za kioo, nzito na za kuvunjika, na zilisafiri kwenye vichwa vya msururu wa wapagazi. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya zumu ya kwanza kwetu: migongo ya watu wengine. Chini ya picha linakaa jina la Schillings peke yake.

Hapa Kenya, wakati huohuo, W. D. Young alikuwa anapiga picha za reli ya Uganda ikijengwa. Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, kamera ilikuwa inaisindikiza. Reli haikimbii ukiisogelea, kwa hivyo yeye hakuhitaji lenzi ndefu. Tuendelee.

Mtu aliyenikalisha usiku kucha ni Leslie Brown. Huyu alikuwa afisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni hapa Kenya, na ugonjwa wake ulikuwa ndege. Watu walikuwa wanaona flamingo (heroe, kama mwalimu wangu wa Kiswahili alivyosisitiza) kwa maelfu kwa maelfu Nakuru, Elementaita na Bogoria, lakini hawajui wanataga wapi. Nakuru ni hoteli tu, wanakuja kula mwani na kuondoka. Mwaka 1954 Brown aliruka kwa ndege juu ya Ziwa Natron, Tanganyika, akaona viota katikati ya matope ya magadi. Akataka kuviona kwa karibu. Akaenda kwa miguu.

Hebu fikiria Natron. Juu kuna ganda la magadi linalong'aa kama sakafu, chini yake tope la kukuchoma. Ganda likavunjika. Kila hatua mguu unazama, unauvuta, unazama tena, na magadi yameingia ndani ya buti. Alipofanikiwa kurudi nchi kavu miguu yake ilikuwa imeungua vibaya sana. Alilazwa hospitalini wiki kadhaa na kuwekewa ngozi upya. Kitabu chake kuhusu siri ya hao flamingo kilitoka 1959.

Sasa cheki hii. Mwaka huohuo wa 1959 ndipo ilitoka Voigtländer Zoomar, lenzi ya kwanza ya zumu kwa kamera za picha za filamu ya milimita 35. Zumu yenyewe? Kutoka 36 hadi 82. Simu yangu yenye kioo kilichopasuka inapita hapo bila jasho. Hata kama Brown angekuwa nayo Natron isingemsogeza popote. Lakini kuna kitu alikuwa nacho ambacho mimi sina: alikuwa amewafuatilia hao ndege mpaka akajua pa kuwatafuta. Ile ndege haikuruka juu ya Natron kwa kubahatisha.

Miaka hiyo ndiyo Nakuru ilipata jina duniani. Roger Tory Peterson, Mmarekani wa vitabu vya ndege, alilitangaza ziwa letu kuwa onyesho kubwa kuliko yote la ndege duniani. Mwaka 1968 ikawa mbuga ya taifa. Kabla ya hapo walikuwa wameleta tilapia wadogo kutoka Magadi ili wale mabuu ya mbu, na wale samaki wakavutia mwari, na watu wakapata ndege wengine wa kupiga picha. Ulikuwa unasimama ukingoni na kamera ya kawaida kabisa na ziwa lote la waridi linajaa ndani ya fremu. Ile kadi ya posta mnayoijua, pinki mpaka mwisho wa macho, haikupigwa kwa zumu kubwa. Ndege walikuwa wengi na walikuwa karibu, basi.

Halafu maji yakapanda. Kuanzia karibu 2010 ziwa lilivimba kutoka kama kilomita za mraba 40 hadi zaidi ya 60. Lango kuu la zamani la mbuga likafunikwa na ikabidi lihamishwe. Watu wa upande wa Mwariki na Baruti walipoteza nyumba na mashamba, na hao hawakuwa kwa kadi ya posta yoyote. Maji mapya yalipunguza makali ya magadi, mwani ukapungua, flamingo wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Huwa wanarudi kwa makundi, wanaondoka tena. Ukipanda Baboon Cliff leo unaona maji mengi mazuri, miti iliyokufa imesimama ndani yake, na mstari mwembamba wa rangi huko mbali ambao kwa simu unatoka kama makosa ya kioo.

Kwa hivyo hoja yangu ya kwanza kwa mathee ilikuwa hii: ziwa limesogea, na mimi nahitaji kusogea bila kuloa. Droni hairuhusiwi mbugani bila kibali. Inabaki zumu.

Basi tuje kwa hizi kamera zenyewe. Zinaitwa kamera za daraja kwa sababu ziko katikati ya kakamera ka mfukoni na kamera kubwa ya kubadilisha lenzi. Lenzi yake haitoki, na ndiyo hiyo moja inafanya kila kitu. Jina lilishika mwishoni mwa miaka ya themanini, wakati bado ni filamu. Zikaja za dijitali: mwaka 1997 Sony walitoa Mavica FD7 yenye zumu ya mara 10, na picha zilikuwa zinahifadhiwa kwenye diski laini, zile za kompyuta za zamani. Mwaka 2015 Nikon wakaleta P900, mara 83, ile milimita 2000. Video zake za mwezi zilizunguka dunia nzima, na wale jamaa wanaosema dunia ni bapa wakaifanya kamera yao rasmi. Mwaka 2018 ikaja P1000, mara 125, milimita 3000, karibu dola 1,000 ikiwa mpya.

3000! Mimi nilisoma hiyo namba nikaona flamingo mmoja mmoja na kope zake.

Halafu nikapiga hesabu. Milimita 3000 ni namba ya kulinganisha tu. Lenzi yenyewe ya P1000 inafika milimita 539, na inaonekana 3000 kwa sababu sensa nyuma yake ni ndogo kama ukucha wa kidole kidogo. Sensa ya kamera kubwa ya kazi ina eneo karibu mara 30 ya hiyo. Ukivuta mpaka mwisho tundu la mwanga linabana hadi f/8, na kwa sensa ndogo namna hiyo picha inaanza kuwa laini yenyewe hata ukishika vizuri. Asubuhi yenye mawingu, picha ni chengachenga. Saa sita mchana jua likiwaka, hewa juu ya ziwa inatetemeka kama juu ya jiko, na hakuna lenzi, ya laki moja wala ya milioni mbili, inayonyoosha hewa. Zumu inakuletea ndege karibu, na inakuletea pia kilomita nzima ya joto na vumbi iliyoko katikati.

Hapo ndipo nilimkumbuka mjomba wangu. Miaka ya tisini alikuwa anapiga picha za watu Nyayo Gardens, filamu ya picha 36, hakuna zumu. Akitaka uso ukaribie anasogea hatua mbili. Familia zilikuwa zinatoka kanisani, zinajipanga, yeye anahesabu hadi tatu, wiki ijayo wanakuja kuchukua. Simu zilipoingia kazi ikaisha kimyakimya, hakuna aliyemfukuza. Kamera iko juu ya kabati mpaka leo. Nilipompigia kuuliza ninunue au nisinunue, alicheka. Akaniambia, "Wewe nipe jina la mtu mmoja anayengoja hiyo picha."

Manze hiyo iliniuma. Mohamed Amin, yule aliyepiga njaa ya Korem, Ethiopia, mwaka 1984 dunia ikasimama, alianza na Brownie ya mkono wa pili akiwa mvulana wa shule Dar es Salaam. Brownie ni kisanduku, hakina zumu hata chembe. Mwaka 1991 mlipuko Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto na akarudi kazini. Najua, kumtaja Amin ni njia rahisi ya kujifanya kifaa si kitu, na si kweli: Schillings bila lenzi yake na wapagazi wake hakuwa na kitabu. Kifaa ni kitu. Lakini katika hawa wote sioni aliyenunua kifaa kwanza halafu ndio akaanza kujiuliza atapiga nini.

Kwa hivyo nilitoka na daftari. Asubuhi saba mfululizo nimekuwa nje kabla ya jua, mara Baruti, mara Elementaita, kuandika ndege wanakaa wapi na saa ngapi. Hao wanaongoja picha nimepata wawili: dereva wa watalii anayetaka video fupi za kuonyesha wageni wake ndege wako upande gani wiki hiyo, na mwalimu wa sayansi anayetaka picha za mwari darasani, wa karibu, wa hapa Nakuru, si wa vitabuni. Dereva analipa. Mwalimu ameahidi chai.

P1000 nimeiacha. Ni karibu kilo moja na nusu, na hiyo 3000 yake ingenifaa asubuhi mbili kati ya hizo saba. Nachukua P900 iliyotumika, ambayo muuzaji mmoja wa Nairobi ananiitisha 58,000. Haihifadhi faili ghafi na si kamera ya usiku, hilo nalijua. Elfu 40 inaenda kwa deni la chuo, si kwa sababu narudi, bado sijaamua, lakini nataka vyeti vyangu wanavyovishikilia.

Jumamosi naenda kuijaribu na memori kadi yangu mwenyewe. Nitavuta zumu mpaka mwisho nisikilize kama mota inakwaruza, nipige ukuta mweupe nione kama kuna vumbi ndani, nisome bango la mbali nje ya duka. Mathee amesema anakuja pia, na pesa atabeba yeye.