Mstari Uliorukwa

SEHEMU YA TANO (Jumamosi)

Ilipoishia: Mdogo wangu, mwendesha bodaboda wa Noonkopir, amefungwa miaka 20 kwa wizi wa mabavu katika duka la jumla. Aliyemtambua ni shahidi mmoja tu, mwenye duka. Mfungwa mwenzake alimwandikia rufaa kwa kalamu ndani ya zile siku 14 zinazoruhusiwa, ikapitia kwa mkuu wa gereza, kisha ikalala miaka ikisubiri prosidingi zipigwe chapa. Sasa tumepata wakili, naye amepiga simu: njoo, na uje na Mama.

Wakili akikwambia uje na mzazi wako, huulizi sababu kwenye simu. Nilifunika cherehani, nikamwachia jirani ufunguo wa kibanda pamoja na sare za shule zilizobaki kutiwa vifungo, nikamfuata Mama nyumbani. Alikuwa tayari, kitenge cha kanisani na kitambaa kipya kichwani. Sijui nani aliwaambia mama zetu kwamba mahakamani huingiwa kama ibadani, lakini wote hufanya hivyo.

Matatu ya Kajiado ilijaa upesi. Kutoka Kitengela hadi Isinya, barabara ya Namanga inapita katikati ya viwanja vilivyozungushiwa waya na nguzo za mawe, ndani hamna nyumba wala mbuzi, ni kibao tu cha kuuza. Ukishapita Isinya waya zinapungua na ng'ombe wanaongezeka. Kundi moja lilivuka mbele yetu bila haraka, dereva akazima injini na kuanza kulalamikia mafuta. Mama hakuona lolote. Alikuwa akihesabu kwa vidole: 20, utoe aliyokwisha kutumikia. Hufanya hesabu hiyo kila tukienda Kajiado, na kila mara hufika kwenye jibu lile lile, kisha huanza upya.

Ofisi ya wakili iko juu ya duka la dawa za mifugo. Harufu ya dawa ya kuoshea ng'ombe hukufuata ngazi zote hadi mezani kwake. Alitupa viti, akamuuliza Mama habari za magoti, akachelewa kidogo. Mbele yake palikuwa na karatasi moja.

"Upande wa mashtaka umeleta notisi," akasema. "Wanasema rufaa yetu ikianguka, watamwomba jaji aongeze adhabu."

"Aongeze iwe miaka mingapi?" nikauliza.

"Si miaka, Dada."

Alituelezea taratibu, kwa Kiswahili, akimtazama Mama zaidi kuliko mimi. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinasema mtu akiiba kwa nguvu akiwa na silaha ya hatari, au akiwa pamoja na mwenzake, au akimjeruhi mwenye mali, adhabu yake ni kifo. Moja tu kati ya hayo linatosha. Kwa miaka mingi hakimu hakuwa na la kuchagua. Ndipo tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu na mwenzake, Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo, bila kusikiliza lolote kuhusu mtu aliye mbele yake, kunavunja Katiba. Mahakama za chini zikalishika neno hilo na kulitumia hata kwa wizi wa mabavu. Hakimu wetu alikuwa mmoja wao. Mwaka 2019 aliandika kwamba mshtakiwa ni kijana na hana rekodi, akampa miaka 20. Siku ile tulilia, na mwenzetu mmoja pale nje akatuambia tushukuru. Sikumwelewa.

"Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ilirudi ikafafanua," wakili akaendelea. "Ikasema ile ya 2017 ilihusu mauaji peke yake, kifungu cha 204. Wizi wa mabavu haikuugusa. Kwa hivyo serikali inasema miaka 20 ya huyu kijana ni adhabu ambayo haiko kwenye sheria."

Mama aliivua miwani. "Wanataka kumnyonga mwanangu?"

"Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, Mama. Wa mwisho walikuwa wale wa jaribio la mapinduzi la 1982. Na Rais Kibaki mwaka 2009, Rais Kenyatta mwaka 2016, waliwabadilishia maelfu kutoka kifo kuwa kifungo cha maisha."

"Kama hawanyongi, mbona wanaiandika?"

Wakili alifungua mdomo, akaufunga. Nimesikia watu wenye digrii wakilijibu swali hilo redioni kwa nusu saa nzima na bado naona Mama ndiye aliyelimaliza.

Kulikuwa na mlango mmoja. Mahakama ya Rufaa ilishaweka wazi kwamba mrufani haongezewi adhabu kwa kushtukizwa. Lazima aonywe mapema, ili akitaka aiondoe rufaa yake. Akiiondoa, miaka 20 inabaki 20, na kesi imekwisha. Akiendelea na kushindwa, anaweza kutoka pale amevaa hukumu ya kifo.

"Nani anaamua?" nikauliza.

"Yeye mwenyewe. Si mimi, na uniwie radhi Mama, si wewe. Jumanne jaji atamuuliza."

Tulipofika ngazini, Mama akiwa ametangulia akishika ukuta, wakili aliniita kwa sauti ya chini.

"Dada, mpeleke nyumbani, kisha kesho urudi peke yako. Nimeisoma faili ya mahakama ya chini, ile yenyewe, iliyoandikwa kwa mkono wa hakimu." Alitazama ngazi. "Kuna mstari ambao aliyepiga chapa aliuruka."

ITAENDELEA KESHO

SEHEMU YA SITA (Jumapili)

Rufaa si kesi mpya, na watu wengi wa mtaani kwetu hawalijui hilo hadi wafikiwe. Hakuna shahidi anayeitwa tena, hakuna anayeapishwa. Jaji hukaa na karatasi. Tangu kesi ya Okeno ya 1972, Mahakama Kuu inapopokea rufaa ya kwanza hutakiwa kuupima ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikumwona shahidi akitoa jasho wala akiangalia chini. Na hiyo ndiyo nafasi ya mwisho ya kuuliza nini kilitokea. Ukipanda Mahakama ya Rufaa kwa rufaa ya pili, unaruhusiwa kubishana kuhusu sheria tu. Yaliyotendeka dukani Noonkopir yatabaki kama Kajiado ilivyoyaacha.

Kwa hivyo karatasi ndiyo kesi yenyewe, na karatasi yetu ilikuwa na upungufu.

Masijala ina kaunta ya mbao na nyuma yake faili zimefungwa kwa utepe, zimepangwa hadi karibu na dari. Wakili alilipa ada ya kusoma faili. Karani alituletea na kusimama karibu, macho yakiwa mikononi mwetu. Wakili aliweka kushoto nakala iliyopigwa chapa, kulia kurasa za hakimu, wino wa buluu, mwandiko wa mtu anayefukuzana na maneno.

Mdogo wangu hakuwa na wakili wakati ule. Alimhoji mwenye duka mwenyewe, akiwa kizimbani. Swali lake halikuandikwa, kama kawaida, ni majibu tu yanayoandikwa. Kwenye nakala ya chapa, jibu la mwenye duka lilikuwa: balbu ilikuwa inawaka, nilikuona. Kwenye mwandiko wa hakimu palikuwa na mstari katikati. Balbu ilikuwa inawaka. Walipoingia stima zikapotea. Nilikuona.

Niliusoma mara mbili nikaona kidole changu kinatetemeka juu yake, karani akanionya nisiiguse faili.

"Hakimu aliposikia hayo ilibidi aulize zaidi," wakili alinong'ona. "Ile kesi ya Maitanyi ya 1986 inasema hivyo. Shahidi ni mmoja, ni usiku. Mwanga ulikuwa wa aina gani, mkubwa kiasi gani, ulikuwa wapi ukilinganisha na mshtakiwa? Hapa hakuna swali hata moja. Aliandika hukumu kana kwamba taa iliwaka mwanzo hadi mwisho." Akanitazama. "Jumanne nitamwomba jaji aufungue ukurasa huu. Mimi singeiondoa rufaa. Lakini sharti yeye mwenyewe akubali."

Nilirudi Kitengela nikizisoma tena kurasa zote za chapa, kwa mara ya sijui ngapi. Mashahidi watano. Mwenye duka, mkewe, kijana wa mizigo, daktari, polisi. Waliokuwemo dukani wote walitaja balbu moja, iliyoning'inia juu ya kaunta. Na utetezi wa mdogo wangu, ukurasa mmoja na robo: saa ile alikuwa amempeleka abiria Isinya, na ndani ya duka lile hajawahi kuingia maisha yake yote.

Jumanne upepo ulikuwa mkali, vumbi likipiga madirisha ya korti. Basi la magereza lilichelewa. Walipoingizwa walikuwa saba, sare za mistari, pingu zikiwaunganisha wawiliwawili, yeye akiwa wa mwisho peke yake. Amekonda. Mama alinyanyua mkono, akausahau hewani.

Nilimsihi askari jela, mtu mzima mwenye mvi, anipe dakika moja. Aliangalia mlango wa jaji, akaangalia saa. "Haraka, binti yangu."

Nilimwinamia mdogo wangu nikamwambia yote kwa pumzi moja: notisi, kifo, mstari. "Usiiondoe," nikamwambia. "Hakimu mwenyewe aliandika stima zilipotea. Hakuna aliyeweza kukuona. Umeelewa? Palikuwa giza."

Nilidhani atatabasamu. Alikunja uso kama anayesahihisha mtoto hesabu.

"Lakini stima hazikupotea, Dada," akasema. "Swichi ndiyo ilizimwa. Ile taa ya barazani ilikuwa inawaka."

Askari alinigusa bega. Nilirudi kwenye benchi nikiwa sijui nimepitaje katikati ya watu. Barazani. Nilizijua zile kurasa kuliko Zaburi, na hakuna mtu, si mwenye duka, si mkewe, si polisi, aliyewahi kutaja taa ya barazani.

Mlango ukabishwa mara tatu, tukasimama. Jaji aliketi, akafungua faili ya kwanza, na ikawa yetu. Alisoma ile notisi kwa Kiingereza, polepole, karani akitafsiri sentensi kwa sentensi: kwamba mrufani ameonywa, kwamba akishindwa adhabu yaweza kuwa kifo, kwamba ana haki ya kuiondoa rufaa sasa hivi bila lawama.

"Unaendelea," karani akamalizia, "au unaondoa?"

Mdogo wangu alisimama. Hakumtazama jaji wala wakili. Alinitazama mimi, na kwenye uso wake nikaona kwamba amegundua alichoniambia.

Wakili alifuata macho yake hadi kwangu. Akainuka nusu. "Mheshimiwa Jaji, naomba dakika mbili nizungumze na mteja wangu." Jaji akakubali. Lakini hakwenda kizimbani. Alikuja moja kwa moja kwenye benchi letu, akapiga magoti mbele yangu, joho lake likigusa sakafu, ile nakala ya mwandiko wa hakimu mkononi.

"Dada," akasema, "kabla sijasimama kumwambia jaji kwamba palikuwa giza. Amekuambia nini?"

Mama aligeuka kunisikiliza.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO