Mwalimu wa Somo: Tulikotoka na Hatua Iliyobaki



Kila mwaka kijitabu hiki huleta habari za majengo. Safari hii tunaeleza historia ya anayesimama ndani yake: mwalimu wa somo.

Kabla ya uhuru, kijana wa Tanganyika aliyetaka kusomea ualimu wa ngazi ya juu alivuka mpaka kwenda Makerere, Uganda. Ndiko Mwalimu Nyerere alikopata stashahada yake ya ualimu, kisha akafundisha Tabora na Pugu. Chuo kikuu cha kwetu kilianza Dar es Salaam mwaka 1961 kwa fani ya sheria. Elimu ya ualimu ikafuata mwaka 1964.

Anayesomea ualimu wa sekondari chuo kikuu huchukua masomo mawili ya kufundishia, mathalani fizikia na hisabati. Huyasoma kwa kina, akaongeza saikolojia ya elimu na mbinu za kufundisha somo lile hasa, kisha huenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha huku wahadhiri wakimkagua. Ni kazi ya miaka 3. Kujua fizikia ni jambo moja. Kujua kwa nini mtoto wa kidato cha pili huchanganya uzito na tungamo, na namna ya kumsaidia, ni jambo jingine.

Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, madarasa yalifurika. Kuanzia 2004, mpango wa MMES ukaeneza shule za sekondari za kata. Mwaka 2005 vikaanzishwa vyuo vikuu vishiriki viwili vya elimu: DUCE pale Chang'ombe, na Mkwawa mjini Iringa. Lakini ukuta hupanda kwa miezi, mwalimu huandaliwa kwa miaka. Pengo likazibwa na vijana wa kidato cha sita waliopewa leseni ya kufundisha baada ya mafunzo ya wiki chache. Mwaka 2012 likaja agizo la maabara tatu kwa kila sekondari ya kata.

Maabara zetu tulizijenga kwa msaragambo na michango yenu, nazo zimesimama imara. Ila mwalimu wa fizikia tunaye mmoja kwa vidato vyote vinne, na ndiye huyo huyo wa hisabati.

Kwa hiyo mwaka huu Mfuko wa Elimu utawasaidia vijana wetu wanaosomea ualimu wa fizikia, hisabati na kemia, pale mkopo wa serikali usipotosha: vitabu, nauli na malazi wakati wa mazoezi ya kufundisha. Hatuahidi kwamba watapangwa kwetu, maana serikali ndiyo hupanga. Tulichokubaliana nao ni kufundisha wadogo zao kila likizo, na kuomba kufanya mazoezi katika shule yetu chuo kikiruhusu. Fedha zitakazobaki zitaanza msingi wa nyumba ya mwalimu, ili atakayepangwa huku apate pa kukaa.

Ahadi zenu zimfikie mweka hazina kabla ya mkutano mkuu wa Desemba.