Mhasibu wa Baroda aliyechora mapenzi yake

Mwanamume yu uchi, amesimama kwenye roshani, ametupa mgongo. Chini yake mji unaendelea na shughuli zake, na kati ya nyumba wanapita baba, mwana na punda wao, wale wa hadithi ambao lolote wafanyalo watu huwalaumu. Kwa picha hiyo ya mwaka 1981, mchoraji wa India Bhupen Khakhar alijitokeza hadharani kuwa ni mwanamume anayependa wanaume. Aliipa jina lenye maana ya Huwezi Kuwaridhisha Wote. Alikuwa na miaka 47.

Khakhar alizaliwa Bombay mwaka 1934 na kusomea uhasibu. Mwaka 1962 alihamia Baroda, mji wenye kitivo mashuhuri cha sanaa, lakini kwa miaka mingi riziki yake ilitokana na kuandika hesabu za kampuni. Kuchora alijifunza zaidi peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliwachora watu wa mtaani: fundi saa mezani pake, fundi cherehani, kinyozi dukani. Rangi zake zilikuwa kali kama za mabango ya barabarani.

Naamini ujasiri wake ulianzia hapo. Mafundi wale hakuna aliyedhani wanastahili turubai kubwa, naye akawachora bila kuwacheka wala kuwahurumia. Alipogeukia mapenzi yake mwenyewe, jicho lake lilikuwa limekwisha kuzoea kumtazama mtu ambaye wengine humpita tu.

Mambo mawili yalimfungua. Mwaka 1979 alifundisha Uingereza, akaona wanaume wakiishi pamoja bila kujificha. Mwaka uliofuata mama yake akafariki, na hofu ya kumwaibisha ikaisha.

Mwaka 1982 akachora Wanaume Wawili Benares. Wawili hao wamekumbatiana uchi, na pembeni yao, kwa umbo dogo, maisha ya mji mtakatifu yanaendelea: ibada, watawa, maskini. Ingekuwa rahisi kuwafungia wapenzi chumbani, gizani. Yeye aliwaweka palipo na sala, kwa sababu kwake tamaa ya mwili na imani zilikaa katika mtu yule yule.

Wakati huo Kifungu cha 377 cha kanuni ya adhabu ya India, kilichotungwa na Waingereza mwaka 1860, kiliwafanya watu kama yeye wahalifu. Mwaka 1984 serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Shri, huku sheria ikibaki palepale. Khakhar alifariki mwaka 2003. Mwaka 2018 ndipo Mahakama ya Juu ya India ilipoondoa jinai hiyo kwa watu wazima walioridhiana.

Lakini kinachonigusa kuliko habari za mahakama ni miili aliyoichora. Uchoraji wa mapenzi, wa wanaume na wanawake au wa wanaume wawili, umependa mno vijana wenye misuli na ngozi nyororo. Wapenzi wa Khakhar mara nyingi ni wazee: wana mvi, vitambi na mabega yaliyolegea. Mpenzi wake wa muda mrefu, Vallabhdas Shah, alikuwa amemzidi umri. Katika picha hizo mzee anatamani na anatamaniwa, na mchoraji hakumpunguzia hata mkunjo mmoja ili apendeze.